Alinishikia siti, nikamwambia aende tu

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, mshauri. Shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mbuyuni hapa Moshi mjini na nyumbani ni Kiboriloni. Nina mume na watoto watatu. Nimebatizwa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, nimepata kipaimara KKKT, na kwenye jumuiya yetu ndiye mimi ninayetunza hazina. Nakueleza haya ili usinione kama mtu aliyeacha imani. Imani yenyewe ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikuwa na sare za shule 46 za kupeleka Arusha, na mteja alizitaka kabla ya saa tatu asubuhi. Jirani yangu, ambaye ua wetu na wao umetenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu, alikuwa na kijana wake wa kwanza, miaka 24. Alikuwa amepata kazi ya gereji Arusha na siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza. Tulikubaliana tangu jana yake tupande kosta ya saa kumi na mbili na nusu, anisaidie kubeba mizigo. Yeye alitangulia stendi, mimi nikapitia kibandani kuchukua sare.

Mlango wangu una makufuli mawili. La kwanza lilifunguka. La pili, nilipozungusha, ufunguo ukakatikia ndani. Nikachukua sindano ya cherehani kwenye pochi nijaribu kukitoa kile kipande, na sindano nayo ikakatika. Mlinzi wa soko akaenda kutafuta koleo. Hapo simu ikaita, ni yule kijana. "Mamdogo, uko wapi? Gari inajaa. Nimekushikia siti, ya dirishani." Nikamweleza habari ya ufunguo. Akasema, "Basi ngoja nishuke nikusubiri, tutapanda inayofuata."

Mshauri, nilivyomjibu nakumbuka neno kwa neno: "Hapana baba, siku ya kwanza kazini usichelewe. Wewe nenda tu, mimi nakuja nyuma." Akacheka, akasema, "Haya Mamdogo, Mungu akipenda tutaonana huko huko."

Haikufika saa moja na robo. Ile kosta iligongana uso kwa uso na lori mbele kidogo ya Boma Ng'ombe. Walionusurika walisema dereva alikuwa anayapita magari mawili kwa mpigo mahali ambapo haoni mbele. Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma, tukakuta foleni, watu wakashuka, nami nikashuka. Kabla sijajua ni gari gani, niliona begi lake la bluu kwenye majani.

Tulimzika kwao Uru, shambani kwenye migomba. Aliyehubiri alisema kijana siku yake ilikuwa imefika, na kazi ya Mungu haina makosa. Watu wote tuliitikia amina.

Jumapili ya pili baada ya maziko, mume wangu aliwaambia wazee wa kanisa jinsi nilivyonusurika, nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Nilikwenda na kile kipande cha ufunguo kilichobaki mkononi, nikakiinua juu, nikasema Mungu aliuvunja ufunguo huu ili aniokoe. Kanisa lilipiga vigelegele, kwaya ikaanzisha wimbo. Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, mtu alinunua mkungu wa ndizi akanipa. Lakini katikati ya vigelegele vile nilimwona mama wa marehemu, benchi la tatu, akisimama taratibu, akakaza kitenge chake kiunoni, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Tangu siku hiyo haji ibada ya kwanza, anakwenda ya pili. Nikimsalimia anaitikia neno moja. Mwezi wa saba nilikuwa nafagia upande wangu wa ua, naye yuko upande wake anakata majani ya ng'ombe. Akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza saa, "Ufunguo wa mwanangu ulikuwa wapi?" Sikupata jibu. Akachukua majani yake akaingia ndani.

Habari ya ile simu hajui. Anajua mume wangu peke yake.

Sasa mume wangu na mama mkwe wanaandaa shukrani kubwa tarehe 27 Desemba, ndugu wote wakiwa wamerudi kutoka Dar. Mbuzi wameshanunuliwa, kwaya imealikwa, na mimi nitatoa ushuhuda tena mbele ya mchungaji. Nikisema tufikirie jirani, mume wangu ananijibu nisipomshukuru Mungu hadharani namwibia utukufu wake. Mama mkwe ananikumbusha wale wakoma kumi walioponywa, tisa wasirudi. Nikimweleza mume wangu habari ya simu inavyonitesa, anasema hata kama kijana angeshuka garini, siku yake ilikuwa imefika, angekufa kwa njia nyingine.

Kuna jambo jingine ninaloona haya hata kuliandika. Tangu ufunguo ule, kila kitu kwangu kimekuwa ishara. Sindano ikikatika naacha kazi nifunge kibanda. Mwezi uliopita nilirudisha oda nzima kwa sababu umeme ulikatika nilipokuwa naandika makubaliano. Juzi nilimzuia mtoto wangu wa mwisho asiende safari ya shule kwa kuwa kamba ya kiatu ilikatika asubuhi ile. Alilia mpaka akalala. Wenzake walikwenda na wakarudi salama.

Naomba unisaidie. Je, nimshukuru Mungu au ninyamaze? Nimwambie mama yule habari ya simu? Na kama Mungu ndiye aliyeuvunja ufunguo wangu, ni nani aliyemwacha yule mtoto aende?

Mama wa Kiboriloni

JIBU

Dada yangu mpendwa, marahaba, na pole sana.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikairudia usiku. Nimefundisha darasa la kipaimara miaka mingi, na nimekaa na wafiwa wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu, lakini swali la yule mama pale kwenye masale limenifanya niikalie barua hii siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo usitarajie nikupe jibu la kulifunga.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, nawe utanisahihisha. Umebeba mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja. Kuna shukrani, ambayo ni ya kweli kwa maana uko hai na watoto wako wana mama. Kuna ile simu, ambayo ndani yake unajisikia kama wewe ndiye uliyemsukuma kijana garini. Na kuna hofu iliyokuingia baadaye, kwamba Mungu anasema nawe kwa vitu vinavyokatika na ukikosea kumsoma mara moja, mtu atakufa. Kamba iliyoifunga mizigo hii, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni ile sentensi uliyoisema kanisani: Mungu aliuvunja ufunguo ili aniokoe.

Sisemi kwamba ni uongo. Mimi pia naamini Mungu anatawala mpaka mambo madogo kabisa. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za Bwana. Bwana Yesu alisema nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Siwezi kuamini hayo halafu nikuambie ufunguo wako ulikuwa nje ya mkono wa Mungu. Ninachokuuliza ni kuhusu lile neno dogo "ili". Nani alikueleza sababu? Ufunguo ulikatika, hilo uliliona. Ulichelewa gari, uko hai, hayo unayajua. Lakini "ili" hukuionyeshwa, uliiweka mwenyewe kwa furaha na kwa mshtuko, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Na ukishaiweka kwako, inadai iwekwe na kwake: kama ufunguo ulikatika ili wewe upone, basi wa yule mama haukukatika ili iweje? Hilo ndilo alilokuuliza. Alifuata tu ushuhuda wako mpaka mwisho wake.

Chukua Biblia yako ufungue Matendo 12. Sura ile ile, mji ule ule, mfalme ule ule. Mstari wa pili, Herode anamuua Yakobo ndugu wa Yohana kwa upanga. Mistari michache mbele, malaika anamtoa Petro gerezani, minyororo inamwanguka mikononi. Kanisa lilikuwa likimwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili ya Petro, na sioni kwa nini tudhani kwamba kwa Yakobo walikaa kimya. Yakobo alikuwa na mama, yule mke wa Zebedayo aliyewahi kumwendea Yesu kuwaombea wanawe nafasi. Luka, mwandishi wa Matendo, haelezi hata kwa nusu mstari kwa nini mmoja alitolewa na mwingine akachinjwa. Hasemi Petro alikuwa na imani zaidi, wala hasemi siku ya Yakobo ilikuwa imefika. Petro naye alipofika nyumbani kwa Mariamu, watu wakiwa wamejaa ndani wanaomba, aliwapungia mkono wanyamaze, akawaeleza jinsi Bwana alivyomtoa gerezani. Jinsi. Aliwaambia yaliyotokea na nani aliyeyatenda, akaishia hapo. Kwa nini yeye na si Yakobo, hakugusa.

Nimekaa na mistari ile muda mrefu kwa ajili yako. Unaweza kumshukuru Mungu kwa "jinsi" bila kusema "kwa nini". Labda shukrani hiyo ndiyo ambayo yule mama angeweza kukaa nayo kanisa moja. Labda hata hiyo bado ni mapema kwake. Mimi sikai Kiboriloni, wewe ndiye unayeuona uso wake.

Sasa tuje kwenye simu.

Mume wako anakupenda, na anapokuambia kijana angekufa kwa njia nyingine anatafuta kukutua mzigo. Lakini naona haukutuliki, na nadhani najua sababu. Moyo wako unakataa kwamba lililofanywa na watu asubuhi ile halikuwa na maana. Na Maandiko yako upande wa moyo wako. Kwenye Matendo 27 Paulo yuko baharini katika dhoruba, na Mungu ameshamwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea kati ya watu 276 waliomo merikebuni. Ahadi imetoka. Halafu mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua, na Paulo huyo huyo anamwambia akida kwamba hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka. Ahadi ya Mungu na kamba za mashua vilikwenda pamoja. Hata Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika kwamba atamwomba Mungu amlinde, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na ataepuka kwenda mahali asikohitajika asije akawaambukiza wengine. Hakusema siku yangu ikifika imefika. Huo msemo tunausema sana misibani kwetu, lakini ukiupeleka mpaka mwisho, unamsafisha hata dereva aliyeyapita magari mawili mahali asipoona mbele.

Najua utaniuliza mara moja: basi mshauri, kama yanayofanywa na watu yana maana, na neno langu nalo lilikuwa na maana? Ndiyo, dada yangu, lilikuwa nayo. Sitakudanganya kwamba neno lako halikuwa kitu. Lakini litazame lilivyokuwa siku ile, saa ile, kabla ya Boma Ng'ombe. Lilikuwa neno la mama anayemtakia kijana wa jirani asianze kazi kwa kuchelewa. Hukujua zaidi ya hapo, wala hukutakiwa kujua. Ulimwita baba, ukamhimiza kazini. Yusufu aliwaambia ndugu zake, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema," na pale ubaya wao ulibaki ubaya, haukugeuka kuwa wema kwa sababu Mungu aliutumia. Ikiwa ni hivyo kwao, je, wema wa maneno yako unaweza kugeuka kuwa uovu kwa sababu ya alichofanya mtu mwingine usukani? Nakuuliza kweli, litafakari. Kujisikia na hatia ni kitu kimoja. Kuwa na hatia ni kitu kingine, na usiku wa manane hivi viwili vinafanana sana.

Je, umwambie? Nitakuonyesha ninavyoyaona pande zote mbili, uamuzi ubaki wako.

Ukinyamaza, unamwepusha na maumivu mapya wakati kidonda hakijakauka. Kunyamaza namna hiyo si lazima kuwe uongo. Lakini mume wako anajua, na siri ya watu wawili katika ua uliotenganishwa na masale inaweza kuvuka siku moja kwa mdomo wa mtu asiyekusudia. Akiisikia kwa mwingine baada ya kukusikia wewe kanisani umeshika ufunguo, nadhani itamwumiza mara mbili.

Ukimwambia, anaweza kulia, anaweza kukufukuza, anaweza kusema lile lile unalojisemea kila usiku, kwamba ungemwacha ashuke. Uwe umejiandaa kulisikia bila kujitetea. Ila kuna kitu nakiona kwenye barua yako ambacho sijui kama umekiona. Ndani ya simu ile hamna maneno yako peke yake. Mna sauti ya mwanawe. Alikushikia siti ya dirishani. Alitaka kushuka akusubiri. Alicheka. Alisema Mungu akipenda tutaonana. Mama yake hana hayo. Anajua begi la bluu na jeneza. Wewe unatunza kicheko kile pamoja na hatia yako, na huenda yeye anakihitaji kuliko unavyofikiri. Na huenda hayuko tayari kukipokea. Kabla ya kwenda jiulize kwa ukweli: ninakwenda ili nitue mzigo wangu mapajani kwake, au ninakwenda kumpelekea kilicho chake? Mara nyingi ni yote mawili, na si dhambi, lakini ujue ni lipi linalotangulia.

Nakuomba jambo moja hapa, maana nawajua watu wetu. Mtu anaweza kukushauri umwendee na jani la isale, la mmea ule ule wa kwenye ua wenu. Unajua uzito wake Uchagani: ukiletewa isale, kukataa kusamehe ni aibu kubwa. Ni desturi nzuri, imepatanisha koo zilizokuwa zimegombana miaka. Lakini yeye ni mama aliyefiwa miezi michache tu iliyopita, hajakukosea wala hajatangaza ugomvi nawe. Ukimpa isale unamlazimisha kutoa kitu ambacho pengine bado hana. Tena ukiomba msamaha kwa isale utakuwa unakiri kosa, na mimi bado sijaliona kosa lenyewe. Ukienda, nenda kama jirani, mikono mitupu au na chupa ya maziwa kama ilivyokuwa kawaida yenu, saa ambayo hana wageni. Labda uanze na lile la kanisani, kwamba ulimwona alipotoka, na kwamba swali lake huna jibu lake. Ayubu alipofiwa na wanawe, rafiki zake walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walipofungua kinywa kuanza kueleza ndipo walipoharibu. Lile neno "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" alilisema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Ni imani likitoka kinywani mwa mfiwa. Likitoka kwa jirani ambaye watoto wake wako ndani wanakula, linabadilika ladha. Nasema hili kwa sisi wote tulioitikia amina kule Uru na kwingineko.

Kuhusu tarehe 27. Mama mkwe wako ana haki kuwakumbuka wale wakoma, na usimwone kama adui wa jirani yako, anafurahi kwamba mkamwana wake hakufa. Mnaweza kuendelea kama mlivyopanga, na hofu yangu ni kwamba vigelegele vile vile vitavuka ua ule ule, siku mbili baada ya Krismasi yake ya kwanza bila mwanawe. Mnaweza kupunguza, ukapeleka sadaka yako ya shukrani madhabahuni ibada ya kawaida, mkala mbuzi na ndugu bila spika wala kwaya, ingawa mume wako ataona amevunjiwa heshima mbele ya ndugu waliosafiri kutoka Dar, na hilo nalo linahitaji mazungumzo ya taratibu mapema, siyo tarehe 26 usiku. Mnaweza kusogeza mbele mpaka mwaka wa kijana upite. Au mkamwomba mchungaji ibada hiyo iwe na pande zote mbili, kijana atajwe kwa jina lake na aombewe mama yake. Hili la mwisho linavutia, lakini lisifanyike bila yeye kuulizwa, maana kutajiwa marehemu wako katikati ya karamu ya jirani bila kujua kunaweza kuwa kisu. Nakumbuka Mathayo sura ya 2: mtoto Yesu anaokolewa kwa ndoto, anapelekwa Misri usiku, na mwinjilisti hakuishia kwenye wokovu ule. Aliandika pia kilio cha akina mama wa Bethlehemu, Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa. Hakumwambia Raheli anyamaze ili habari njema isikike vizuri.

Mwombe mchungaji akae na wewe na mume wako pamoja kabla ya Desemba. Hoja ya kumwibia Mungu utukufu ni nzito kwa mume wako. Asije akadhani unampinga yeye au Mungu. Pengine akisikia kwamba Petro naye alishuhudia bila kueleza kwa nini Yakobo alikufa, atapata nafasi ya kupumua.

Limebaki la ishara, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Sidhani unapungukiwa imani. Mwili wako bado uko barabarani pale Boma Ng'ombe. Mtu aliyeona ulichoona, akakosa usingizi miezi mingi, akashtuka kila kitu kikikatika, hiyo hali inajulikana na inatibika. Nenda hospitali ukamweleze daktari kama ulivyonieleza, uombe kuonana na mtu wa ushauri nasaha. Mungu alimwahidi Hezekia miaka kumi na mitano zaidi, na bado Isaya akaagiza donge la tini liwekwe kwenye jipu lake. Kutafuta tiba si kumpa Mungu kisogo.

Halafu turudi kidogo darasani. Unaikumbuka Katekisimu Ndogo, ile tunayokaririshwa na "Maana yake nini?" Luther aliitoa mwaka 1529. Kwenye mkate wetu wa kila siku anaorodhesha chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, fedha, serikali njema, hali ya hewa nzuri, afya, majirani waaminifu. Mambo ya jikoni na ya sokoni kabisa. Huko ndiko anakotuonyesha utawala wa Mungu ulipo. Angalia viatu vimo kwenye orodha ile. Vimo kama zawadi. Hakuna mahali anaposema kamba yake ikikatika tusome ujumbe. Mithali 16:9 inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake. Kufikiri umeachiwa wewe: hali ya gari la shule, mwalimu anayewasindikiza, bei ya kitambaa, kama oda inalipa. Hatua ni zake. Wewe sasa hivi unajaribu kufanya kazi yake ya hatua, na ile ya kufikiri umeiacha imelala chini ya meza ya cherehani. Sindano hukatika kwa sababu imechakaa au kitambaa ni kizito, wewe fundi unalijua hilo kuliko mimi. Wiki hii ikikatika, jaribu kuweka nyingine na kumaliza pindo lile lile, hata kama mikono inatetemeka. Ukishindwa, jaribu kesho. Na mtoto wako, yule aliyelia mpaka akalala, naomba umwambie kwa lugha yake kwamba mama alipata hofu, na kwamba haikuwa kosa la kiatu chake.

Uliuliza ni nani aliyemwacha kijana aende. Sijui kulijibu, dada, na ningeogopa mshauri ambaye angekujibu haraka. Bwana Yesu alipoletewa habari ya watu waliouawa, yeye mwenyewe akawataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, lakini kwa nini wao, hakusema. Ninachokishika mimi, usiku ninapokosa cha kushika, ni kwamba shomoro wa Mathayo 10 anaanguka kweli. Mstari haukumficha. Anaanguka, na Baba anajua. Aliyekuwa na wewe kwenye kufuli alikuwa na kijana yule dirishani, na yuko na mama yake asubuhi akikata majani.

Kile kipande cha ufunguo hukuniambia unakiweka wapi. Kama bado kiko kwenye pochi pamoja na sindano, fikiria kama kinapaswa kukaa hapo. Niandikie tena, kama utakuwa umekwenda kwa jirani, na hata kama utakuwa hujaenda.